Mtoto Hasemi Sitaki

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa zahanati kanipima presha akaguna. Akanipima tena, akaguna zaidi. Kasema nisishtukeshtuke, nisipige kelele, na jambo likinikera niliandike badala ya kuwamwagia watu. Nikamwuliza, "Daktari, una watoto?" Kasema bado. Nilijua tu. Haya, naandika.

Mvua zimeanza leo. Mimi ni dobi. Aliyewahi kufua nguo za watu kwa ujira anajua kwamba dobi na mvua hawakai nyumba moja.

Na kana kwamba mvua haitoshi, binti yangu kaweka kijiko chini katikati ya chakula akasema anataka kwenda shule peke yake. Ana miaka tisa. Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajanyamaza. "Mama, darasa zima ni mimi tu ninayeletwa na kuchukuliwa. Wananiita Kifurushi."

Nimeshtuka mpaka maji yakanipalia. Juzi tu alikuwa ananyonya!

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Hakuna kilichokauka.

Alhamisi, 6 Machi

Kamba nimezihamishia ndani. Chumba cha mbele chote ni mashati. Ukitaka kupita kwenda jikoni unapigwa makofi na mikono ya watu usiowajua.

Mume wangu ni dereva wa lori na mvua zimemkuta mbali, barabara zimekatika, kwa hiyo malezi ni mimi na mama yake. Mama mkwe tunakaa naye. Kazi zake ni mbili, kukunja soksi za wateja na kunikosoa, na zote anazifanya kwa wakati mmoja.

"Mwache mtoto aende," kasema leo. "Sisi tulitumwa dukani meno ya utoto hayajang'oka."

"Mama, siku zenu hakukuwa na malori."

"Malori hayakuwepo. Fisi walikuwepo."

Lakini mimi njia hiyo naijua. Kuna uchochoro, kuna barabara ya magari, kisha mfereji mkubwa wenye daraja la mbao lisilo hata na kamba ya kushika, ndipo ufike lango la shule. Na watu! Watu ndio wanaoninyima usingizi. Siku hizi mtu humjui anatabasamu tu.

Jumapili, 9 Machi

Aibu ya leo sijui niiweke wapi.

Shemeji alikuja, mdogo wake mume wangu, anayebeba abiria kwa pikipiki. Ndiye kitinda mimba wa mama mkwe na ndiye roho yake. Kaleta mashati yake nimfulie, kaleta na mkate, kafanya mzaha nyumba nzima ikacheka. Kisha akamwambia Chiriku, "Njoo mwanangu, panda nikuzungushe mtaa mzima."

Chiriku akasema, "Sitaki."

Hivyo hivyo. Sitaki! Kavu, machoni mwa mkubwa, mbele ya bibi yake. Shemeji akabaki ameshika helmeti kama mtu aliyenyimwa salamu. Mama mkwe akaangusha soksi. "Ehe," akasema, "samaki mkunje angali mbichi. Huyo mnayemlea kesho atatupanda kichwani."

Nilimvuta sikio nikampeleka nyuma ya mashuka. "Katika nyumba hii mtoto hasemi sitaki kwa mkubwa. Umesikia? Hata kama hutaki. Nenda kamwombe radhi baba yako mdogo."

"Mama, lakini..."

"Lakini ni ndugu yake sitaki."

Akaomba radhi akiangalia vidole vyake vya miguu, akapanda. Walikawia. Aliporudi alikuwa na peremende mkononi na hakusema neno mpaka kulala. Amenuna, nikasema moyoni. Atanuna, atanuna, ataacha.

Jumatatu, 10 Machi

Dobi ni kama kasisi, anajua siri zote. Najua nani anavuta sigara mkewe hajui, najua nani analala ofisini. Mashati ya shemeji leo yamenuka pombe mpaka maji ya kwanza yamebeba harufu. Nikampigia simu nikamtania. Akacheka, "Abiria hao, shemeji. Walevi wananikumbatia utadhani nimewaoa." Tukacheka wote.

Jumatano, 12 Machi

Nimekubali. Jua siku hizi linatoka asubuhi tu, kidogo, kama mgeni mwenye haraka. Nikimpeleka shule, nikirudi limeshakwenda na nguo za watu zinaota ukungu. Mteja mmoja, karani, jana kavaa shati bichi akaondoka nalo likimgandia mgongoni, hata shukrani hakutoa.

Lakini nimeweka sheria. Chiriku kaikariri mlangoni, mkono kifuani: "Siendi na mtu yeyote isipokuwa ndugu wa damu."

"Akisema mama yako kanituma?"

"Siendi."

"Akikupa pipi?"

"Siendi."

"Akiwa ndugu?"

Hapo alitua kidogo. "Naenda," akasema.

"Damu nzito kuliko maji," mama mkwe akaongeza kutoka kwenye soksi zake.

Akatoka. Mimi nikajifunika mtandio nikamfuata. Ndiyo, nilimfuata, na daktari asiniulize. Jamani, nilichokiona! Mtoto huyu ana ukoo mzima barabarani. "Shikamoo shangazi," kwa muuza mboga. "Shikamoo babu," kwa mlinzi wa ghala. "Shikamoo mjomba," kwa fundi viatu mwenye kibanda ng'ambo ya daraja. Wote wanamwitikia kwa jina. Wengine mimi hata sijawahi kuwaona! Adabu nimemfundisha mwenyewe, nikajisifu. Hatua mbili mbele nikashtuka. Nimemwambia aende na ndugu tu, na hapa kila mtu ni mjomba.

Ijumaa, 14 Machi

Amekwenda. Amerudi. Mimi ndiye sijarudi sawasawa.

Jumanne, 18 Machi

Leo kachelewa. Nilishaipita barabara yote kichwani, nimeshamzika mara tatu, ndipo akaingia anaimba. Kiatu chake kilichokuwa kinacheka mbele kimeshonwa, tena kwa uzi mzuri.

"Nani kakushonea?"

"Mjomba Gundi."

Mjomba nani? Kaka zangu wote wako mbali, na hakuna anayejua hata sindano inashikwaje. Kumbe ni yule fundi viatu wa darajani. Wanamwita Gundi kwa sababu vidole vyake vimeshikana kwa gundi. Chiriku kasema huwa anakaa kwake mvua ikinyesha, kibanda kina bati zuri, na mjomba Gundi anamwachia apange viatu kwa jozi.

Nilikwenda papo hapo, aproni kiunoni, mikono ina povu. Nikamkuta kainama juu ya soli. Nikamwambia mbele ya wateja wake, "Wewe! Mtoto wangu hana mjomba hapa. Mimi na wewe hatukuzaliwa tumbo moja. Nikimwona tena kwenye kibanda chako utanitambua!"

Watu wakageuka. Yeye akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka chini.

"Sawa, mama. Lakini akiniambia shikamoo nisemeje?"

"Usiseme kitu!"

"Salamu ya mtoto niiache chini?" akauliza, kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nikaondoka. Nilikuwa na haki. Nimefika nyumbani, na haki ninayo bado.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mashuka ya nyumba ya wageni yananuka kama kisima.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepita darajani na furushi kichwani. Gundi kaniamkia, nikaangalia kwingine. Maji yamepanda, yanabeba matawi.

Jumatano, 26 Machi

Nilikuwa napiga pasi. Chiriku kaja kasimama pembeni ya meza, anachezea kibanio.

"Mama, mkubwa akisema twende, na mimi sitaki, nisemeje?"

"Unasema ndiyo, ukirudi unaniambia mimi."

"Na kama nitakuwa nimeshakwenda?"

"Mkubwa gani huyo?"

Akakichezea kibanio mpaka kikamruka. "Mkubwa tu."

"Yule Gundi kakuambia nini?" Nikaweka pasi chini.

"Mjomba Gundi? Hajaniambia kitu. Hata shikamoo haitikii siku hizi, anatikisa kichwa tu."

"Basi toka hapa, utaniunguzia shati la karani."

Akatoka. Nimebaki na swali lake, sijui kwa nini.

Jumapili, 30 Machi

Shemeji kaja kula. Kaniachia kifuniko cha kiti cha pikipiki, kile chekundu, nimekifua na kumrudishia. Chiriku siku nzima anaumwa tumbo, hakutoka chumbani. Shemeji alipoondoka, tumbo likapona. Mama mkwe kasema ni njia ya kukwepa vyombo.

Alhamisi, 3 Aprili

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio, maana kichwani hamna mpangilio.

Mchana mbingu ilifunguka. Sijawahi kuona mvua ya hivyo. Mtu akisimama uani humwoni. Nilikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni, yanatakiwa leo leo, pasi imeshika moto. Nikaona saa ya shule kutoka imekaribia, nikafikiria lile daraja. Nikampigia shemeji.

"Shemeji yangu, mfuate Chiriku, tafadhali. Usimwache avuke peke yake."

"Usijali, niko hapa hapa karibu. Damu yangu hiyo." Nyuma yake kulikuwa na muziki na watu wanacheka. Niliusikia. Nikasema labda amejikinga mvua mahali.

Nikarudi kwenye pasi nimetulia kabisa. Mungu nisamehe, hata wimbo nilikuwa naimba. Mtoto yuko na ndugu.

Mashuka yakaisha. Hawajafika. Nikapiga simu, haipatikani. Mama mkwe akaacha soksi, akaja akasimama mlangoni. "Watakuwa wamejikinga," akasema, lakini hakurudi kukaa. Nikatoka mbio bila mtandio, ndala moja ikabaki kwenye tope uchochoroni na sikuigeukia.

Darajani kulikuwa na watu wengi, wote wanaangalia chini. Mfereji ulikuwa umejaa hadi juu, maji ya kahawia, yanakwenda kwa hasira, na mbao za katikati zilikuwa zimeshaondoka. Upande wetu, juu ya meza ya muuza mboga, wamemlaza mwanamume, damu usoni, mguu umepinda ambako mguu haupindi. Shemeji. Anaguna. Ananuka pombe, na safari hii hapakuwa na abiria wa kusingizia.

Na ndani ya maji, mbele kidogo, gurudumu. Kando yake kitambaa chekundu kinapepea na maji. Kile nilichokifua Jumapili.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza. Hakuna aliyenijibu. "Alikuwa na mtoto! Mtoto yuko wapi?"

Muuza mboga akaweka mikono kichwani. "Tumemtoa huyu tu, mama. Alikuwa na mtoto?" Na nyuso za watu zikabadilika, wote pamoja, na mimi nikaelewa.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka maji yalikuwa ya baridi na yalishafika magotini, na watu wawili wananivuta aproni, na mimi ninawauma. Nilitaka kwenda pale kwenye kitambaa chekundu. Ni karibu, nilisema, si mnaona, ni karibu.

"Mama! Usiingie!"

Nikasimama.

"Mama, usivuke! Maji yana nguvu! Rudi nyuma!"

Sauti ya Chiriku. Nikageuza kichwa huku na huku. Ng'ambo, kwenye kibanda cha fundi viatu, juu ya sanduku, kasimama binti yangu na begi lake mgongoni, mkavu, ananipungia mikono yote miwili kama askari wa barabarani. Gundi kamshika kiunoni asianguke.

"Kaa huko huko, Mama! Subiri maji yapungue! Umesikia?"

"Nimesikia," nikasema. Mimi, ambaye sikumwamini kuvuka uchochoro, nikatoka majini nikakaa kwenye tope nikasubiri kama nilivyoambiwa.

Shemeji walimpeleka hospitali. Mvua ilikatika, maji yakashuka polepole, watu wakalaza mabanzi ya mbao pa kuvukia. Gundi akavuka naye kamshika mkono, anamwonyesha pa kukanyaga. Nilimkumbatia Chiriku nikamnusa, kichwa, shingo, mikono, ananuka gundi na ngozi ya viatu, sijawahi kunusa kitu kizuri hivyo. Yeye akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, usinipige."

"Nikupige kwa nini?"

"Nimedanganya." Akaanza kulia. "Baba mdogo alikuja kunichukua. Sikutaka. Na ulisema nisiseme sitaki. Basi nikamwambia samahani baba mdogo, mama kasema nimsubiri hapa kwa mjomba Gundi. Wewe hukusema, Mama. Nilikusingizia. Akakasirika, akaniambia haya kaa na mjomba wako, akageuza pikipiki." Akameza mate. "Nilimwona anaanguka darajani."

Gundi alikuwa kasimama pembeni, suruali imelowa hadi mapajani. Akakohoa.

"Mama Chiriku, leo nina mpwa au sina?"

"Unaye," nikasema.

Ijumaa, 4 Aprili

Wameitoa pikipiki. Nilikwenda kuangalia, ingawa nilijua heri nisiende. Mbele ipo, taa ipo, kiti cha dereva kipo. Nyuma hakuna. Kiti cha abiria kimeng'oka chote na vyuma vyake, na kile kifuniko chekundu kimebaki kwa uzi mmoja. Watu walikuwa wanasema dereva ana bahati. Nilikaa chini pale pale njiani, watu wakaniletea maji.

Sheria ilikuwa yangu. Naenda na ndugu. Niliitunga mimi, nikamkaririsha mlangoni, na mtoto aliivunja.

Jioni mama mkwe karudi kutoka hospitali. Mguu umefungwa chuma, mbavu zimevunjika, ataishi. Alikaa kati ya mashuka. Kisha akamwita Chiriku.

"Ulijuaje?"

Chiriku akaniangalia mimi kwanza. Nikamwambia aseme.

"Alinuka kama siku zile, Bibi. Akinizungusha huwa anasimama kwenye baa. Ananiacha nje nimshikie helmeti. Akitoka, pikipiki inakwenda hivi na hivi." Akaonyesha kwa mkono. "Ananipa peremende nisiseme."

Mashati yake nimefua miaka yote. Mimi na pua yangu! Mtoto alikuwa anajua alichojua, akakitia kwenye neno moja, nami nikamvuta sikio.

Mama mkwe hakulia. Alichukua soksi moja, akatafuta mwenzake, akaitafuta na iko mapajani pake.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimempelekea Gundi mkate. Hakuuliza kitu. Kala.

Jumatatu, 7 Aprili

Jua limetoka tangu alfajiri, jua la kweli. Nguo zote ziko nje.

Chiriku amevaa, kabeba begi, kasimama mlangoni. Akaweka mkono kifuani aanze, "Siendi na mtu yeyote isipoku..." Akanyamaza, akaniangalia. "Mama, nimalizieje?"

Nilikuwa sijalala kwa ajili ya swali hilo, na bado sikuwa na jibu zuri. Nikachuchumaa. "Ukisikia moyoni hutaki, huendi. Awe nani. Hata nikiwa mimi."

"Nisemeje?"

"Sema sitaki."

Akageuza macho kwa bibi yake. Miaka tisa ya adabu haiondoki kwa siku moja. "Sitaki," akasema, kwa sauti ya kuomba chumvi.

"Tena."

"Sitaki."

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, soksi mapajani, uso umevimba kwa usiku wa hospitali. Mwanawe yuko kule kafungwa chuma. Nilidhani atainuka aondoke, na nisingemlaumu.

"Hiyo haisikiki," akasema. "Mimi ndiye mkubwa. Nakwambia twende. Njoo, twende!" Akamshika mkono kweli, akamvuta kweli.

"Sitaki, Bibi."

"Ondoa Bibi. Sema kwa nguvu, mwanangu."

"SITAKI!"

Kunguru wakaruka kwenye kamba. Karani, aliyekuwa anaingia kufuata mashati yake, akarudi nyuma hatua tatu. Mama mkwe akamwachia mkono, akageukia ukuta, mabega yanatikisika, na Chiriku akamwuliza, "Bibi, nimekosa?" Bibi akatikisa kichwa tu, akampungia aende.

Akaenda. Nilimsikia uchochoroni, shikamoo shangazi, shikamoo babu. Mtandio ulikuwa kwenye msumari, karibu na mkono wangu. Niliuangalia, kisha nikamgeukia karani nikamuuliza anataka mashati yake yakunjwe au yatundikwe.